Dada Mwenye Ndevu

Insha ilianza hivi: "Dada yangu ni mrefu, ana ndevu nyingi, na mke wake ni mwalimu." Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wangu Mbengali, mtu makini asiyechanganya ngeli hata akiwa na haraka, kwa hiyo sikuona sababu ya kukimbilia kalamu nyekundu. Nikamwuliza darasani: huyu dada mwenye ndevu na mke ni nani? Akajibu bila wasiwasi kwamba ni ndugu yake wa kiume aliyemtangulia kuzaliwa. Kwao huyo ndiye dada. Wa kike ni didi. Katika mamia ya maneno ya Kiswahili aliyoyakariri kwa taabu, hili moja aliliona amelipata bure, akapita kamusi bila kuifungua.

Mzungumzaji wa Kihindi aliyekuwamo darasani akapinga papo hapo. Kwao dada si kaka, ni babu, tena babu mzaa baba, na mkewe ni dadi. Babu mzaa mama ni nana, mkewe ni nani. Kusikia "nani", Mjapani aliyekuwa kimya tangu mwanzo wa kipindi akainua mkono: kwao nani maana yake ni "nini". Somo la siku ile lilikuwa vivumishi vya kumiliki. Halikufundishwa.

Nimefundisha Kiswahili kwa wageni kwa miaka mingi, na tangu kipindi kile nina daftari la neno hili moja. Kila mwanafunzi mpya namwuliza: kwenu dada ni nini? Wapo wanaoniambia si kitu. Wanaosema ni neno, hata hivyo, ni wengi kuliko nilivyotarajia, na karibu kila mmoja huja na dada wake. Daftari hilo limenifundisha mengi kuhusu maneno yanayofanana, na nayasimulia hapa kwa sababu juu ya jambo hili watu huambiana mambo kwa uhakika mkubwa, na mengi kati yake ni ya kujitungia.

Nianze na yaliyomo. Ukurasa wa Kibengali una jina la Sourav Ganguly, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya kriketi ya India, ambaye mashabiki wake humwita Dada. Mswahili akisikia uwanja mzima ukimshangilia mwanamume kwa "Dada! Dada!" atadhani ni kejeli, kumbe ni heshima anayopewa kaka mkubwa. Kihindi kimeongeza kitu kingine juu ya babu: dada ni pia mbabe wa mtaa, yule anayeogopwa, na ubabe wenyewe unaitwa dadagiri. Kutoka kwa babu hadi kwa mhuni si mbali sana ukifikiri vizuri. Wote wawili hawapingwi.

Afrika Magharibi ina kurasa zake. Kwa Kiewe dada ni mama. Kwa Kifoni, kule Benin, ni mfalme: watawala wa Abomey waliitwa Dada, akiwamo Behanzin aliyepigana na Wafaransa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwa Kiyoruba ni jina la mtoto anayezaliwa na nywele zilizokwisha kujisokota zenyewe. Kwa Kijapani dada ni ule usumbufu wa mtoto anayelilia kitu alichonyimwa, akajitupa chini asitake kusikia la mtu. Wajapani husema mtoto huyo "anakanda dada", kwa kitenzi kilekile wanachotumia kukanda unga. Nimewahi kumwona mtoto akifanya hivyo sakafuni, na sijapata kitenzi bora zaidi cha kumweleza.

Kwa Kifaransa dada ni farasi, lakini farasi wa kitoto, neno analofundishwa mtoto kabla hajaweza kutamka "cheval". Kutoka hapo likapata maana ya jambo ambalo mtu amelivalia njuga, anayelizungumzia kila anapopata nafasi. Kwa maana hiyo, dada yangu ni dada.

Ukurasa ulionisimamisha kabisa ni wa Kiromania. Mwanafunzi wangu Mromania aliniambia, kama jambo dogo tu, kwamba vijijini kwao dadă ni namna ya heshima ya kumwita ndugu wa kike aliyekuzidi umri, au mwanamke yeyote mkubwa kwako. Nikamwomba arudie. Irabu ya mwisho huvutwa ndani kidogo, lakini neno likipewa kiambishi chao cha kubainisha linatoka "dada" safi, na maana yake ni ileile ya kwetu, mpaka kwenye ile tabia ya kulitumia kwa mwanamke asiye ndugu ili kumpa adabu yake. Kati ya Kiswahili na Kiromania hakuna undugu wowote. Kimoja ni Kibantu, kingine ni mtoto wa Kilatini. Hakuna msafara wa majahazi uliowahi kubeba neno hili kutoka Danubi kuja pwani ya Bahari ya Hindi, wala kulirudisha.

Wapo waliofurahia mkanganyiko huu kabla yangu, tena hadharani. Mwezi Februari 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Hugo Ball na Emmy Hennings walifungua ukumbi mdogo wa burudani mjini Zürich, Uswisi, ulioitwa Cabaret Voltaire. Washairi na wachoraji waliokimbia vita walikusanyika pale wakiimba, wakipiga kelele na kusoma mashairi yasiyo na lugha. Harakati yao waliiita Dada. Ball aliandika katika shajara yake kwamba kwa Kiromania neno hilo ni "ndiyo, ndiyo" na kwa Kifaransa ni farasi wa kuchezea. Mwenzake Tristan Tzara, Mromania, alitoa ilani mwaka 1918 ambamo aliorodhesha dada za mataifa mbalimbali: mkia wa ng'ombe mtakatifu kwa Wakru wa Afrika Magharibi, mama katika sehemu fulani ya Italia, yaya kwa Kirusi na Kiromania. Kisha akatangaza kwamba dada halina maana yoyote. Orodha yake siipokei yote, maana mtu yule alikuwa anachokoza na hakukusudia kufundisha isimu. Lakini hatua aliyoichukua naielewa. Neno likishakuwa na maana kumi zisizojuana, ni rahisi kusema halina hata moja. Mimi nilikwenda upande mwingine. Nilitaka kujua kila moja ilitoka wapi.

Sehemu kubwa ya jibu iko mdomoni mwa mtoto mchanga. Mwaka 1959 mwanaanthropolojia Mmarekani George Peter Murdock alichapisha uchunguzi wa maneno 1,072 yanayomaanisha mama na baba kutoka jamii za pembe zote za dunia. Mwanaisimu Roman Jakobson, mzaliwa wa Moscow, akaeleza kwa nini maneno hayo yanafanana mno hata pale ambapo lugha hazina nasaba. Mtoto anapofika kama nusu mwaka huanza kurudiarudia silabi nyepesi: ma-ma-ma, ba-ba-ba, da-da-da. Anafunga mdomo kwa midomo au kwa ncha ya ulimi, anauachia, sauti inatoka. Anaponyonya mdomo umeziba, kwa hiyo sauti hupita puani na kusikika kama "m", ndiyo sababu "m" huelekea kumwangukia mama. Hizo nyingine hazina mwenyewe. Mtoto anatoa sauti, mtu mzima anatoa maana, na mtu mzima aliyeko karibu husadiki kwamba ameitwa yeye.

Ukilisoma daftari langu kwa jicho hilo, unaona nani aliwahi. Waingereza walimpa baba. Wana "dad" na "dada", na "dad" imeandikwa tangu karne ya 16. Waewe walimpa mama, Wabengali kaka, Wahindi babu, sisi na wanakijiji wa Romania tukampa dada. Kijojia, lugha ya kule Kaukazi, kimefanya ukaidi wa kupendeza: mama ni baba, na deda ni mama. Mji mkuu wanauita dedakalaki, yaani mji-mama. Mjojia mmoja aliniambia kwamba yeye hakuona ajabu yoyote mpaka alipoanza kusoma lugha za watu.

Kuna na hesabu ndogo ambayo huwa naifanya ubaoni. Chukua lugha yenye irabu 5 na konsonanti 20. Maneno yanayoweza kupatikana kwa kurudia silabi moja nyepesi ni 100 tu: baba, bebe, bibi, na kuendelea. Duniani kuna lugha zipatazo 7,000, na karibu zote hupenda kuwapa watoto na jamaa wa nyumbani maneno ya umbo hilo. Maumbo 100 kugawana lugha 7,000 hayawezi kukosa kugongana. Kinachonishangaza siku hizi ni pale ambapo hayagongani.

Hata hivyo, si kila dada ametoka kitandani kwa mtoto, na hapa ndipo kazi ilipoanza kuninogea. Kihispania kina "dada" ambayo haina uhusiano wowote na familia. Ni umbo la kike la kitenzi "dar", kutoa: iliyotolewa. Asili yake ni Kilatini "data", vitu vilivyotolewa, na hiyo ndiyo "data" tunayoitumia sisi baada ya kuipokea kwa mkono wa Kiingereza. Kihispania kina kawaida ya kulainisha "t" ya Kilatini inapokaa kati ya irabu: vita, yaani uhai, ikawa vida, catena, mnyororo, ikawa cadena, na data ikawa dada. Kwa hiyo ukisema kwa Kiswahili "dada anakusanya data", nusu ya pili ya sentensi yako ina ndugu wa damu Madrid, na nusu ya kwanza, inayofanana naye sura kwa kila kitu, haimjui.

Sentensi hiyo nimeitumia sana darasani. Inaonyesha mambo mawili kwa pamoja: wanaofanana si lazima wawe ndugu, na walio ndugu si lazima wafanane.

Mfano mwingine wa jambo la kwanza unatoka Australia, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alipokuwa akikusanya lugha za wenyeji wa kaskazini ya Queensland katika miaka ya 1960, alimpata mzee mmoja aliyekuwa bado anaijua Mbabaram. Miongoni mwa maneno ya kwanza aliyopewa lilikuwamo la mbwa. Mzee akasema: "dog". Mtu angefikiri ameazima Kiingereza. Lakini lugha ya jirani, Yidiny, humwita mbwa "gudaga", na Mbabaram ilikuwa na mazoea ya kudondosha mwanzo wa maneno, kubadilisha irabu kwa kufuata sauti iliyotangulia, na kukata mwisho. Pitisha "gudaga" katika hatua hizo moja baada ya nyingine, utatokea na "dog" bila kugusa Kiingereza mahali popote.

Nayasema haya kwa sababu nimekutana na watu wenye orodha. Mwalimu yeyote wa Kiswahili hukutana nao. Huja na karatasi yenye maneno kama ishirini, upande mmoja Kiswahili, upande mwingine lugha fulani ya mbali, na hitimisho lililokwisha kuandaliwa: Kiswahili kimezaliwa na lugha ile, au lugha ile imezaliwa na Kiswahili. Mmoja alinionyesha kwamba "nani" ya Kijapani na "nani" yetu ni neno moja, maana zote mbili zinauliza. Nikamwambia Wahawaii nao wana "nani", kwao ni "-zuri". Akasema hiyo haihesabiki. Hiyo ndiyo shida ya orodha: yanayokubaliana yanaingia, yasiyokubaliana hayahesabiki.

Siku hizi sibishani. Nauliza maswali, na yamenitosha.

La kwanza ni kuhusu jamaa wa neno. Maneno ya ukoo hayaishi peke yake. Dada wa Kibengali anakaa na didi. Dada wa Kihindi anakaa na dadi, nana na nani. Dada wetu anakaa na kaka. Ukinilinganishia neno moja, nitaomba na wenzake. Kwa swali hili dai moja linapata nguvu kidogo. Wapo wanaolipeleka neno letu Uajemi, na hoja yao haichekeshi, kwa sababu Kikurdi, ambacho ni jamaa wa karibu wa Kiajemi, humwita ndugu wa kiume mkubwa "kaka". Swali la pili ni la njia: neno lilisafiri vipi? Hapa pia Uajemi inajibu vizuri. Njia ipo, na tunajua mizigo iliyopitia: bandari, nahodha, pamba, serikali, yote ni maneno ya Kiajemi yaliyovuka bahari. Lakini "nahodha" haliwezi kuzuka lenyewe mdomoni mwa mtoto wa miezi minane. "Kaka" na "dada" yanaweza, na yamezuka mara nyingi kote duniani. Mtu akinipa nahodha kama shahidi namsikiliza. Akinipa dada, namwomba shahidi wa pili.

Watu humtaja pia Idi Amin Dada, na hadithi inayosimuliwa kwamba akiwa askari alifumwa na wanawake, akawa anajitetea kwa kusema "huyu ni dada", wenzake wakambandika jina. Hadithi ni tamu. Lakini jina la mtu wa ukoo wa Kikakwa halina wajibu wa kuwa Kiswahili, na tumeshaona jinsi sauti hizo mbili zinavyozagaa duniani. Kila sikio husikia lugha yake kwanza.

Swali la tatu ndilo gumu, nalo ndilo linaloamua: je, tofauti kati ya maneno hayo inarudiwa? Hapa lazima nionyeshe kwa mifano, maana kwa maelezo matupu halieleweki. Sisi tunasema njaa. Kichewa kinasema njala. Sisi tunasema zaa. Kizulu kinasema zala. Lia ya kwetu ni lila kwa Kizulu. Mume wetu ni umulume kwa Kibemba. Mguu wetu, ukienda Uganda, ni okugulu. Ukiyapanga hivyo unaona kwamba Kiswahili kimemeza "l" mahali palepale, mara baada ya mara, na irabu zikabaki zimegusana. Kisha mwambie mwanafunzi ajaribu "juu". Arudishe "l" iliyomezwa, atapata kitu kama "julu". Luganda ina eggulu, anga. Kizulu kina izulu, mbingu, na humo ndimo lilimo jina la Wazulu wenyewe. "Juu" na "Zulu" ni ndugu tumbo moja. Hakuna mtu mwenye orodha aliyewahi kuniletea jozi hiyo, kwa sababu haifanani.

Sasa rudi kwenye familia. Kiswahili kina neno la kale la ndugu wa kike ambalo halihitaji Uajemi wala mtoto mchanga: umbu. Vijana wengi hawalijui, na wanaolijua wamelikuta katika mashairi. Lakini Wasukuma na Wanyamwezi bado wana ilumbu, na ukiweka "l" pale ilipomezwa, kama ulivyofanya kwa mume na umulume, umbu na ilumbu zinakaa sawasawa. Hilo ni neno la Kibantu lenye nasaba yake kamili. Maana yake nayo ni ya namna nyingine kabisa: umbu ni ndugu wa jinsia isiyo yako. Mwanamume akisema umbu langu, anamaanisha ndugu wa kike. Mwanamke akisema neno hilohilo, anamaanisha ndugu wa kiume. Kwa hiyo yule Mbengali, kama angekuwa mwanamke na angeandika "umbu langu lina ndevu", nisingekuwa na la kumwuliza.

Dada amemsukuma umbu pembeni, na sasa anaendelea kupanuka. Tunamwita dada mhudumu tusiyemjua jina, tunamwita dada mwenzetu kazini, na kwa miaka mingi sasa tunamwita dada msichana anayelea watoto na kufanya kazi za nyumbani: dada wa kazi, na watoto hukatisha wakasema dada tu. Nilipofungua ukurasa wa Kituruki nikakuta dadı, ambaye ni yaya. Wagiriki wana "νταντά", hutamkwa "dada", naye ni yaya. Hapo nilisita kidogo. Maana ileile, sauti ileile, na safari hii hata mtoto mchanga yumo kwenye picha. Lakini ukifuata historia ya matumizi, yetu ilitoka kwenye dada wa damu ikapanuliwa kwa adabu, na haina muda mrefu. Watu huko na huku walihitaji jina laini la kumwita mwanamke asiye ndugu anayeishi na mtoto ndani ya nyumba. Wakatumia laini lililokuwapo.

Kuna jambo limebadilika katika namna ninavyofundisha. Zamani wanafunzi walifurahi walipoona neno la Kiswahili linalofanana na la kwao, nami niliwaacha wafurahi, kwa kuwa furaha husaidia kukariri. Siku hizi nawaomba wanaoona kufanana walete maneno mengine mawili ya aina hiyohiyo kabla sijakubali. Wengi hawaleti. Wanaoleta ndio wanaonifundisha.

Mmoja wao ni Mwarmenia. Nilikuwa nimesema, kwa kupita tu, kwamba "sister" ya Kiingereza, "soror" ya Kilatini, "khahar" ya Kiajemi na "kuyr" ya lugha yake ni neno moja la kale lililoanza na "sw", kama linavyoonekana bado katika "svasar" ya Kisanskriti. Akakataa katakata. Ukiondoa "r" ya mwisho, "kuyr" na "sister" hazina hata herufi moja iliyokaa mahali pake, akasema, na mwalimu huyuhuyu ndiye aliyetukataza kuamini yanayofanana. Sasa anataka tuamini yasiyofanana? Nikamwambia atumie kanuni yangu mwenyewe: atafute neno jingine ambalo Kiarmenia kina "k" na Kiajemi kina "kh" palepale mwanzoni.

Alirudi kipindi kilichofuata na neno la usingizi. Kiarmenia "kun", Kiajemi "khab", Kilatini "somnus", Kisanskriti "svapna". Alikuwa amemwandikia rafiki yake wa Tehran kuhakikisha, na rafiki huyo akamwongezea jambo ambalo mimi sikuwa nimelitaja darasani: Waajemi wakiandika khahar na khab, baada ya "kh" huweka herufi ya "w" ambayo hakuna anayeitamka siku hizi. Watoto wao shuleni huikariri tu kama ilivyo, bila kuambiwa inafanya nini pale.